Mazao Yakiharibika, Serikali Humlipa Nani?

Katika mikutano ya vikundi tunayohudhuria, swali hili halikosi. Mwenyekiti akishamaliza ajenda na mweka hazina akishasoma hesabu, mtu mmoja huinua mkono pale nyuma: "Na ile pesa ya mahindi yetu yaliyokauka, serikali italeta lini?" Basi watu wote hunyamaza na kututazama sisi, kana kwamba tumekuja nayo mfukoni.

Swali ni la haki. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosa katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 2017, viwavi jeshi wapya walikuwa wameingia mahindini. Mwaka 2024 mafuriko yalibeba mashamba ya bondeni. Mtu aliyelima ekari mbili, akakopa shilingi elfu kumi kwa kikundi anunue mbegu na mbolea, kisha akavuna debe mbili, ana sababu ya kuuliza. Kikundi nacho kina sababu, kwa maana zile elfu kumi ni akiba ya wanachama wengine.

Tutajibu bila kuzungusha. Hakuna sheria ya jumla katika Kenya inayosema kwamba mkulima ambaye mazao yake yamekauka, yameoza au yameliwa na wadudu lazima alipwe na serikali. Anayewaambia muandikishe majina kwa shilingi mia mbili ili "pesa ya hasara" ije, mwulizeni ni sheria gani na ni ofisi gani. Lakini si kweli pia kwamba serikali hailipi kitu. Kuna njia chache ambazo pesa ya umma hupitia mpaka kwa mkulima aliyepata hasara. Karibu zote zina sharti moja ambalo wengi wetu tunalijua tukiwa tumeshachelewa: jina lako liwe limeandikwa kabla ya hasara, si baada yake.

Wazee wanakumbuka nini

Wazee wa upande wa Bonde la Ufa hutuambia kwamba zamani serikali ililipa. Hawasemi uongo. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni ilitaka ngano na mahindi mengi. Ikawaahidi wenye mashamba makubwa kwamba kila ekari watakayopanda kwa mpango uliokubaliwa itakuwa na mapato ya chini yaliyohakikishwa. Mvua ikikataa au ugonjwa ukiingia, mkulima hatabaki na deni la kulima. Mpango huo uliitwa kwa Kiingereza GMR, na wengi wa umri mkubwa bado wanazitaja herufi hizo tatu.

Tuangalie lakini ni nani aliyelipwa. Walikuwa wazungu wenye mashamba makubwa. Baada ya uhuru, Waafrika walionunua mashamba hayo wakaingia pia, lakini mama mwenye ekari moja na nusu ya mahindi na maharagwe hakuhesabiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango ukafungwa, ukiacha madeni mengi ambayo hayakurudishwa. Kwa hiyo mzee akisema "serikali ilikuwa inalipa", mwulizeni kwa heshima: ilimlipa nani, Mzee?

Bima ya mazao yenye mkono wa serikali

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi.

Mwezi wa Machi 2016 serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilizindua mpango wa kitaifa wa bima ya kilimo. Kwa upande wa mazao ulianzia kaunti tatu, Bungoma, Embu na Nakuru, na zao la kwanza lilikuwa mahindi. Baadaye ukapanuliwa kwenda kaunti nyingine. Serikali haikusema italipa hasara yenyewe. Ilisema itamsaidia mkulima kununua bima: nusu ya ada inatoka kwa serikali, nusu inatoka kwa mkulima, na hasara ikitokea, kampuni za bima ndizo zinazolipa. Kabla ya kila msimu, kikundi kimwulize afisa wa kilimo wa wadi mambo mawili: je, eneo letu limo katika mpango msimu huu? Na ruzuku ya serikali ipo, ni kiasi gani? Msitegemee jibu la mwaka jana.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Bima hii haiangalii shamba lako. Inaangalia eneo zima. Kaunti hugawanywa katika maeneo ya bima, na kila eneo lina rekodi ya mavuno ya kawaida kwa ekari, iliyokusanywa kwa miaka. Mavuno ya wastani ya eneo yakianguka chini ya kiwango fulani, wote waliokata bima katika eneo hilo hulipwa. Yasipoanguka, hakuna anayelipwa, hata kama shamba lako limebaki mavumbi.

Tutoe mfano wa kufikiria tu, kwa hesabu rahisi. Tuseme eneo lenu kwa kawaida huvuna magunia 20 kwa ekari, na bima imewekwa kwa asilimia 70. Kiwango basi ni magunia 14. Mama mmoja amekata bima ya shilingi 24,000 kwa ekari yake. Msimu ukiwa mbaya na wastani wa eneo ukawa magunia 7, upungufu ni 7 kati ya 14, yaani nusu. Atalipwa nusu ya 24,000, yaani shilingi 12,000. Atalipwa hivyo hata kama yeye mwenyewe, kwa sababu alipanda mapema au shamba lake liko karibu na mto, alivuna magunia 16. Jirani yake akivuna gunia moja tu, na bima yake ni ya kiasi kile kile, yeye pia atalipwa 12,000 hizo hizo.

Geuzeni mfano. Wastani wa eneo ni magunia 15. Mvua ya mawe imepiga kijiji kimoja tu, mashamba kumi yamelala chini. Wenye mashamba hayo hawapati hata senti. Ndipo maneno huanza: "Tuliibiwa." Tumeyasikia maneno hayo mara nyingi, na uchungu wake tunauelewa. Lakini mara nyingi hakuna aliyeiba. Mtu aliuziwa kitu ambacho hakuelezwa. Kosa ni la yule aliyekusanya ada bila kueleza, na kidogo ni letu sisi tunaotia sahihi kabla ya kuuliza.

Mbona wakafanya hivyo? Kwa sababu kutuma mtu kukagua kila shamba la ekari moja kunagharimu kuliko bima yenyewe. Ada ingepanda mpaka isinunulike. Pia bima ya eneo inaondoa ujanja wa mtu kulitelekeza shamba lake ili alipwe. Bei ya urahisi huo ni kwamba wengine wenye hasara ya kweli huachwa nje. Sisi tunaona bima hii ni nzuri kwa janga linalopiga kila mtu, kama ukame. Kwa mvua ya mawe, moto, au ng'ombe wa jirani, si dawa. Huko mfuko wa dharura wa kikundi bado ndio kimbilio.

Mavuno ya eneo yanapimwaje

Wakati wa kuvuna, wapimaji huchagua mashamba machache kwa bahati nasibu, si kwa kuangalia sura ya mtu. Katika kila shamba hupima kipande kidogo kwa kamba, huvuna mahindi ya hapo peke yake, huyapukuchua, huyapima uzito na unyevu. Kutoka vipande hivyo ndiyo hupatikana wastani wa eneo. Malipo ya watu wengi yanategemea kazi hiyo ya siku chache.

Kwa hiyo vikundi visilale wakati huo. Ulizeni siku ya kupima. Shamba la mwanachama likichaguliwa, asivune kabla wapimaji hawajafika, wala asiuze mahindi mabichi kutoka kipande kile. Kikundi kitume watu wawili wasimame pale, watazame mzani, waandike kilo kwenye daftari. Hakuna sheria inayokataza jirani kusimama shambani akitazama, mradi mwenye shamba amekubali. Na tuseme jambo lisilopendeza: kuna anayefikiri akificha mahindi machache kabla ya kupimwa atasaidia wote kulipwa. Akigunduliwa, eneo zima linaharibikiwa jina. Hata asipogunduliwa, rekodi ya eneo inashuka, na kiwango cha miaka ijayo nacho kinashuka pamoja nayo. Anawaibia wenzake wa kesho.

Kabla ya kutoa ada

Tumeona vikundi vikikusanya ada katika kofia, kisha aliyepewa akapotea. Wakala wa bima lazima awe na leseni ya mamlaka ya serikali inayosimamia bima, IRA. Mwambieni aionyeshe. Risiti iandikwe jina la kila mwanachama, namba ya kitambulisho, ukubwa wa shamba, zao, na kiasi cha bima. Risiti moja ya "kikundi" bila majina itawaletea vita siku ya malipo. Namba ya simu iliyoandikwa ndiyo itakayopokea pesa, kwa hiyo iwe ya mwenye shamba, si ya kijana wa jirani anayejua kusoma.

Swali jingine ambalo wengi hawaulizi: pesa ikitoka, inamwendea nani kwanza? Kama umechukua mkopo wa pembejeo na bima imeunganishwa na mkopo huo, mara nyingi malipo hulipa deni kwanza, na mkulima hupata kinachobaki, kama kinabaki. Hilo si baya. Deni limekwisha, na ng'ombe hawajachukuliwa. Lakini lijulikane mapema, ili baba asiahidi karo ya shule kwa pesa ambayo tayari ina mwenyewe.

Na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha huwa mapema, wakati wa kupanda au muda mfupi baadaye. Hakuna anayekatiwa bima mawingu yakiwa yameshakimbia.

Kwa wafugaji na wa sehemu kame

Wenzetu wa kaskazini walitangulia katika jambo hili. Mwezi wa Oktoba 2015 serikali ilianza bima ya mifugo Wajir na Turkana, kisha ikapanua kwenda kaunti nyingine za wafugaji. Huko serikali ililipa ada yote kwa familia zilizochaguliwa. Hakuna aliyehesabu mizoga. Picha za setilaiti zilionyesha jinsi malisho yalivyo, na yalipokauka kupita kiwango, pesa ilitumwa, mwenye ng'ombe anunue nyasi na dawa kabla mnyama hajafa. Wakati wa ukame wa 2017 maelfu ya familia walilipwa hivyo.

Kuna pia mpango wa pesa wa kukabili njaa, ulioanza 2008 katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Ule si fidia ya mazao, ni msaada kwa jamaa maskini zaidi. Lakini tunautaja kwa sababu ya jinsi ulivyopangwa: watu wengi waliandikishwa na kufunguliwa akaunti mapema, hata wasiolipwa kila mara. Ukame ulipozidi, serikali iliweza kuwatumia pesa wao pia, bila kuanza kuandika majina upya katika baraza. Mwanachama wenu akiambiwa kuna uandikishaji wa jamaa, asikae nyumbani akisema "hakuna kitu hapo".

Tembo akiingia shambani

Hapa sasa kuna sheria. Kwa uharibifu wa wanyamapori serikali inawajibika yenyewe. Mambo hayakuwa hivyo wakati wote: mwaka 1989 fidia ya mazao iliondolewa katika sheria, na kwa zaidi ya miaka ishirini mkulima wa Taita au Laikipia aliyelimwa na tembo alibaki na pole tu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikairudisha. Inasema mazao yalipwe kwa bei ya sokoni, baada ya madai kupitia kamati ya wanyamapori.

Lakini si kila mnyama. Sheria ina orodha. Tembo, nyati, kiboko, pundamilia wamo. Nyani na tumbili hawamo, na hao ndio wanaowasumbua wengi wenu kila siku. Wanawake wanaoshinda shambani na kopo wakigonga kufukuza nyani wanaona jambo hili halina haki, nasi tunakubaliana nao. Sharti lingine: mwenye shamba awe alifanya juhudi za maana kulilinda. Ukuta wa miiba, ua, moto wa usiku, mlinzi, andikeni vyote.

Mnyama akiingia, ripoti siku hiyo hiyo kwa kituo cha KWS kilicho karibu, na upewe namba ya ripoti. Usifute nyayo wala kinyesi. Pigeni picha kwa simu, hata kama si simu nzuri. Mwiteni afisa wa kilimo apime eneo lililoliwa na aandike makadirio ya hasara. Jazeni fomu ya madai, mfanye nakala. Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja kwenyewe ni kurefu. Madai mengi yamekaa miaka. Mmoja wa wanavikundi tunaowajua alipoulizia dai lake aliambiwa faili haionekani. Akatoa nakala yake yenye muhuri kutoka kwa mfuko wa plastiki, ikabidi faili mpya ifunguliwe siku ile ile.

Daftari la shamba

Mambo yote hayo yanarudi kwa daftari. Si lazima liwe la kuvutia. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha, kila mwanachama na lake, katibu awakumbushe kila mkutano. Mwandike hivi: "Machi 14, nimepanda ekari moja na nusu, mahindi, pakiti 8 za kilo 2, mbolea mifuko 2. Machi 22, mvua nzuri. Aprili 9, mvua imekatika. Mei 3, majani yamejikunja, nimemwonyesha afisa wa wadi." Risiti za mbegu zibandikwe hapo hapo, na karatasi ya pakiti isitupwe, kwa kuwa mbegu ikikataa kuota ndiyo ushahidi wenu. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto, bora asikilize ikisomwa.

Faida yake si kwa serikali tu. Kikundi kikikaa kuamua kama mwanachama aongezewe muda wa kulipa mkopo, daftari huonyesha ni nani aliyelima kwa bidii akapigwa na ukame, na ni nani aliyepanda Mei kisha akalaumu mvua.

Kaunti nayo ina wajibu gani?

Kwa Katiba ya 2010, kilimo ni kazi ya kaunti, na kukabili majanga ni kazi ya kaunti na serikali kuu pamoja. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Kwa mwaka mmoja wa fedha, malipo kutoka mfuko huo hayafai kuzidi asilimia mbili ya mapato ya kaunti. Si pesa nyingi mkigawanya kwa wakulima wote, na mara nyingi hutumika kwa maji, chakula, barabara au mbegu za kupanda tena. Lakini mbegu zikigawanywa ni haki yenu kujua zilikwenda wapi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa kila raia ruhusa ya kuuliza ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Si lazima mueleze kwa nini mnataka kujua.

Barua haihitaji wakili. Inatosha hivi:

"Kwa Afisa wa Kaunti anayehusika na Kilimo. Sisi ni kikundi cha (jina), wadi ya (jina), wanachama 24. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 tunaomba kujua: moja, kama wadi yetu imo katika mpango wa bima ya mazao msimu huu, na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha; mbili, kiwango cha mavuno kilichowekwa kwa eneo letu; tatu, orodha ya vijiji vilivyopewa mbegu za dharura msimu uliopita, na kilo ngapi. Tutashukuru kupata jibu katika siku 21."

Watie sahihi mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Pelekeni nakala mbili kwa mkono, ofisi ibaki na moja, na katika nakala yenu hakikisheni muhuri wa tarehe umepigwa kabla hamjatoka mlangoni.